Sarafu ya Jogoo

Hallonbergen

Neema mjukuu wangu,

Bwana asifiwe! Huku tu wazima, na babu yako anaimba jikoni. Umeuliza kama ile sarafu yangu ya Amerika ni fedha halisi, na mbona siiuzi. Ni halisi. Za siku hizi zina mstari mwekundu wa shaba ukingoni, lakini yangu ya 1964 ni nyeupe kote. Sehemu tisa kati ya kumi ni fedha.

Nikiwa msichana, mgeni mmoja aliitoa sadaka kanisani kwetu. Hakuna aliyejua thamani yake, basi baada ya ibada mzee wa kanisa akaipiga mnada pamoja na mayai na ndizi. Niliitamani mno, nikataja shilingi zangu zote. Kijana mmoja akasimama: "Mimi natoa jogoo!" Watu wakacheka, nami nusura nilie. Pale mlangoni akanipa sarafu.

"Chukua, dada. Nilitaka tu unitazame."

Juzi sonara wa hapa mjini Sundbyberg alitaka kuinunua kwa bei nzuri. Babu yako akamwambia, "Mimi nilitoa jogoo. Leta jogoo."

Mungu akutunze, mama.

Nyanya yako