Kaka na Ubeti wa Pili

Jumamosi jioni, Doonside

Mara tatu kaka aliurudia ubeti wa kwanza. Watu wa Campbelltown wakapiga makofi, wakidhani ndivyo tulivyopanga.

Wimbo wenyewe kautunga yeye, kwa mtindo ule wa muziki wa soul wa zamani ambao mimi naye tumekuwa tukiuimba wawili tangu tufike Sydney. Umetoka jana, na leo mchana ndiyo mara ya kwanza kuuimba mbele ya watu. Ubeti wa pili unamhusu marehemu mama. Tulipoufikia, kaka akanitazama, akisubiri nimwambie tuko wapi. Halafu akarudi mwanzo. Nikamfuata. Ningefanya nini?

Wifi anasema ni uchovu, nisimtie mumewe ugonjwa. Kaka ana miaka hamsini na mbili tu. Lakini mimi kazi yangu ni kutunza wazee waliopoteza kumbukumbu, na macho yale nayaona kila shifti. Hakuna hata mmoja niliyemwona akirudi alivyokuwa.

Mwezi ujao tumealikwa kuimba Auburn. Nikatae? Nikikataa nitamwambia sababu gani, na yeye ana hamu kiasi kile…

Leo njiani kurudi nilikuwa naendesha gari mimi. Yeye alikuwa na raha zake, anapiga mdundo kwa vidole kwenye goti. Karibu na kwake akanigeukia.

"Mdogo wangu, mbona leo hatukuuimba ule mpya?"

Nikamwambia muda ulikuwa mfupi.