Bahasha Zenye Kona Iliyokunjwa

Baba yangu,

Nimeolewa. Nimetaka hilo ulipate kwanza, maana ulipokuwa kitandani ulinishika kidole ukaniambia, "Rukia, usinililie sana ukasahau kuolewa." Nimelia, Baba, na nimeolewa. Mume wangu ni Athumani, yule aliyekuja studio kupigwa picha ya pasipoti mara tatu kwa mwezi mmoja, ukacheka ukauliza, "Huyu asafiri kwenda wapi?" Alikuwa akisafiri kuja kwangu. Wallahi nampenda hata naona haya kukuandikia. Jioni namjua kwa kikohozi chake kabla hajafika mlangoni, na moyo wangu humfungulia kabla ya mkono.

Tunakaa Changamwe, upande wa uwanja wa ndege. Ndege ikipita, vikombe hugongana kabatini. Studio yako ya Timbwani, kule Likoni, haipo tena. Ndani mna fundi cherehani. Pazia lako lenye mchoro wa bustani nimelileta huku, pamoja na masanduku yote ya bahasha. Siku niliyoyafungua, harufu ya dawa za chumba cha giza ilienea hadi sebuleni, nikakaa chini sakafuni.

Athumani aliniona nilivyo. Kazini kwao walibadilisha kompyuta, akapewa moja kuukuu, na mashine ya kunakili picha akaiazima kwa rafiki yake. Akasema, "Tutamweka mzee mahali ambapo mchwa hawafiki." Ana programu moja ya kuandikia, ya maandishi yasiyo na mapambo, ambayo haiachi, kama wewe na ile kamera yako ya miguu mitatu. Humo huandika barua zake, na humo humo hufungua orodha ya picha. Majina yamepangwa mstari chini ya mstari kama shairi. Ukitaka kubadili jina la picha, unalisahihisha kama neno lililokosewa. Ukibonyeza kitufe, picha zenyewe zinajitokeza ndogo ndogo, safu kwa safu, kama stempu. Kila picha niliipa namba ile uliyoiandika kwenye bahasha yake. Tulikaa bega kwa bega jioni nzima nzima, Likoni yote ikitutazama, nikaona hakuna mke mwenye raha kama mimi.

Raha hiyo ndiyo iliyonipumbaza.

Baadhi ya bahasha zako zilikuwa na kona ya juu iliyokunjwa. Nilidhani ni uchakavu. Mimi bibi harusi, nyumba mpya, nataka kila kitu kinyooke. Nikazikunjua zote, nikazipitishia pasi yenye moto mdogo, nikazisimamisha sandukuni zikapendeza. Miaka yote niliyokaa mezani kwako nikipokea wateja, sikuwahi kukuuliza.

Basi akaja Bi Mwanakombo, jirani yetu wa Timbwani aliyekuwa akituletea mihogo baada ya Mama kututoka. Alikuja kuiona nyumba yangu. Sebuleni alikuwapo pia mwenzake Athumani wa kazini. Nami kwa furaha nikaziita picha zote kwenye kioo cha kompyuta, ili mgeni wangu aone kazi yako. Safu ya tatu alikuwapo yeye mwenyewe, kigori, nywele wazi hadi mabegani, asumini kichwani, bila buibui. Kabla sijasema neno alivua leso aliyojitanda akaifunika kompyuta.

"Rukia," akasema polepole, "babako aliniuliza, 'Ya wote au ya mwenyewe?' Nikamwambia ya mwenyewe. Akakunja kona ya bahasha mbele ya macho yangu. Miaka yote hiyo nimelala usingizi kwa kona ile."

Nikamwambia nimezinyoosha. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa msiba. Chai hakuimaliza. Mlangoni akasema, "Dua ya mwaka ya babako msinitazamie." Leso yake akaiacha juu ya kompyuta.

Baba, nilikuvunjia amana. Ningezifuta vipi nisizozijua? Kuna waliotaka picha zao zitundikwe ukutani mwa studio, nawe ulizitundika, nao hawana buibui vilevile. Kwa kutazama sura huwezi kujua. Uliyejua ni wewe, na ulikuwa ukisema, "Mpiga picha huona, akasahau." Nililia hadi Athumani akanisihi nile.

Asubuhi nilichukua bahasha ya Bi Mwanakombo nikaiinua dirishani, sijui kwa nini, pengine kuiomba radhi. Jua lilipopenya nikaiona: alama nyembamba, imekata kona moja kwa moja. Pasi ilikuwa imeilaza karatasi lakini mkunjo wako haukuondoka. Nikapiga kelele ya furaha, Athumani akaja mbio na povu la sabuni kidevuni.

Tulifanya hivi. Mimi nilizipitisha bahasha kwenye mwanga moja baada ya moja, nikaandika namba zenye mkunjo. Kisha nikaketi mbele ya kioo, na mume wangu akaugeuzia kiti chake ukuta, kanipa mgongo, ananielekeza bila kuona. "Shuka mstari. Weka alama ubavuni. Shuka tena." Mgongo ule, Baba! Nimeuona mgongo ule nikajua umeniacha mahali pema.

Zilikuwa thelathini na moja. Ya thelathini ilikuwa ya Mama. Hata Mama ulimuuliza! Mkeo, katika studio yako, na kona ukaikunja. Anacheka, ameshika shungi la nywele kana kwamba litamtoroka. Ndege mbili zilipita nikiwa namtazama. Nilitaka abaki ndani ya kompyuta daima, nimwone kila nikifungua. Lakini alisema ya mwenyewe. Nikaweka alama, na ile ya mwisho pia, kisha nikatoa amri moja, na picha zote zenye alama zikafutika. Bahasha yake naiweka mimi, imekunjwa kama ulivyoiacha.

Nyingine nimezirudisha kwa wenyewe, nyumba kwa nyumba, Timbwani mpaka Mkomani. Bi Mwanakombo nilimfuata mwisho, na leso yake nimeifua. Hakuifungua bahasha. Alipitisha kidole gumba kwenye kona niliyoikunja upya, taratibu. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Dua ya mzee ni siku gani? Nije mapema nikune nazi."

Barua hii naiandika katika programu ile ile. Juu ni maneno yangu, na chini yake nimekufungua wewe, umesimama mbele ya pazia la bustani, tai imepinda. Wewe ulisema uwe wa wote.

Picha yangu ya harusi alinipiga mtu mwingine. Hajui taa kama wewe. Nimepakwa hina hadi viwikoni na namtazama Athumani badala ya kamera. Hakuna aliyeniuliza ni ya nani, nikajiuliza mwenyewe, kisha nikakunja kona.

Lala, Baba. Mtu yeyote akiniachia sura yake, nitamuuliza kwanza.

Mwanao,
Rukia