Mafuta yaliyonyamazisha moteri ya Kamaldine

Sifa, acha kila kitu usome. Rafiki yetu Faida ametukanwa leo ndani ya jeep ya bwana yake mwenyewe, Kamaldine!!

Unajua ile moteri, makelele mpaka watu wa nyuma walizoea kuongea kwa sauti ya juu kama wako sokoni. Faida mwenyewe njo alikatala mafuta ya moteri ya kawaida hapo Kasongo, akachagua ya sintetike. Muuzaji akamwambia: "Mama, itanyamaza mpaka utasikia inzi."

Inzi!! 😡

Leo wanatoka Kabambare, Faida iko mbele na bwana, moteri kimyaa. Nyuma, mama mukwe anaongea na dada yake kwa sauti ileile ya zamani: "Ile sombe ya muhogo Faida anapikaka, hata mbuzi inakatala! Kamaldine anakulaka kwangu kwanza, njo anaenda kwake!"

KWANGU KWANZA. Kila siku, Sifa! Na Faida anamuchaguliaka bwana vipande vikubwa vya nyama!

Faida akageuka. Akauliza bwana: "Ni kweli?"

Ule mupumbavu akakaza macho kwenye barabara: "Kesho nitarudisha mafuta ya zamani."