Nyumba ya Majivu Mabichi

Jumatatu, 3 Februari

Leo imetimia miaka thelathini na moja tangu manispaa itutoe mtaani kwetu ili ipate pa kumwaga taka. Walisema ni kwa muda! Baadaye wakajenga tanuru papo hapo, wakaanza kuzichoma. Sasa wamegundua kwamba majivu ya taka yakichanganywa na saruji kidogo hutoa matofali. Saruji kidogo, moshi kidogo, sifa tele. Na ghafla wamekumbuka kwamba pale palikuwa na watu. Wanatujengea upya kwa matofali hayo, na nyumba ya kwanza ni yangu. Mtaa wetu waliuvunja, wakaufukia kwa uchafu, wakauchoma. Leo wanaturudishia ukiwa tofali.

Mke wangu hataki kusikia. "Nenda mwenyewe. Vumbi la pale nililifagia miaka yote, leo nikalale ndani yake?"

Ukweli ni kwamba nataka kwenda. Bado naliota dirisha la jikoni.

Jumatano, 12 Februari

Mpwa wangu, mtoto wa dada, ndiye mhandisi wa mradi. Alihama mtaani akiwa mgongoni kwa mama yake. Leo amenipeleka kiwandani. Lundo la majivu kubwa kama shule, liko nje juani, linamwagiwa maji na kugeuzwageuzwa na katapila.

"Yanalala, Mjomba. Miezi mitatu. Humo mna vipande vya makopo ya soda. Majivu mabichi ukiyatia saruji, vile vipande vinatoa gesi. Tofali linaumuka kama mkate."

Majivu yanapewa miezi mitatu yatulie. Sisi tulipewa siku mbili tuhame.

Meneja alitokea — namwita Bwana Kijani, kwa tai yake na kwa hotuba zake. Akanikumbatia. "Mzee wetu! Wewe ndiye nembo ya mradi!" Ofisi hiyo hiyo ya manispaa iliwahi kuniita mvamizi wa ardhi. Nimepanda cheo.

Alhamisi, 20 Februari

Wafadhili wanawahi kuja — tarehe mosi! Ukuta wa mbele haujajengwa, na majivu yaliyolala yamekwisha. Bwana Kijani ameamuru yachotwe ya juzi, ambayo hayajapoa vizuri. Mpwa wangu amekataa. Kesho anapelekwa semina, hotelini, chakula juu yao. Mada: ubora.

Jumatano, 26 Februari

Mpwa wangu amerudi. Ukuta umeshasimama, una plasta na rangi. Kijani, bila shaka. Tumeutazama pamoja. Umetoa vipele. Katikati umevimba.

Akaweka kiganja pale, kama anayempima mtoto homa. "Ukisema ni mbovu, Mjomba, watasema majivu ndiyo mabaya. Kazi yangu yote itatupwa. Ukinyamaza, watajenga mtaa mzima hivi hivi."

"Sasa wataka nifanye nini?"

"Sijui." Akaenda kukaa garini.

Jumamosi, 1 Machi

Naandika chini ya hema, kiti cha mbele, bendi ikijaribu vyombo. Mke wangu amekuja, "kuangalia tu". Aliufikia ukuta kabla ya wafadhili, akauliza kwa sauti yake ya sokoni, "Huyu naye mimba yake ya miezi mingapi?" Wapiga picha walicheka. Bwana Kijani pia alicheka, kwa meno tu.

Kisha akanishika bega. "Mzee, simama hapa. Kushoto kidogo. Lifungue koti, lipanue." Koti langu la zamani ni pana. Kumbe nimeletwa niwe pazia! Nyuma yangu kitu kikalia — tak — na kipande cha plasta kikaniangukia begani. Akakipangusa mwenyewe, kwa heshima zote.

Nikaomba niingie ndani kidogo. Dirisha la jikoni wameliweka pale pale nilipowaonyesha, hilo siwanyimi. Nikasimama nikingoja jirani wa mbele, fundi viatu, anitukane kama alivyonitukana kila asubuhi kabla ya salamu. Alishakufa, najua. Wote wa upande ule walishakufa, au wako kwa watoto wao, mbali. Nje palikuwa na bomba la moshi na lundo. Nilikaa pale hadi mke wangu aliponijia. Hakunitania. Alinifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja.

Mpwa wangu amesimama nyuma ya wapiga picha, amekunja mikono, hanitazami. Mshereheshaji ameshataja "mzee wetu anayerudi nyumbani". Watu wanapiga makofi. Nitaanza na la mpwa wangu: majivu hayana kosa, yalinyimwa muda, muulizeni mhandisi aliyekataa, yule pale. Kisha nitasema langu, nalo halihusiani na ukuta. Wangeujenga kwa mawe ya kuchonga, jibu lingekuwa hili hili.

Bwana Kijani anakuja na kipaza sauti, mkono mmoja umeshatangulia kuniinua.

Mimi sirudi.