Paka Ndani ya Ndoo

Mwanangu mpenzi,

Mimi mzima, ila goti linadeka kama kitinda mimba. Barua ya mjukuu wangu imefika. Ukurasa mzima hauna hata nukta moja, lakini nimemwona paka wenu akitumbukia kwenye ndoo, nikacheka mpaka chai ikachemka ikamwagikia jiko.

Nilishashika kalamu nyekundu, mwalimu hastaafu. Ndipo nikakumbuka barua zako za bweni, nilivyokuwa nikizisahihisha na kukurudishia, mpaka ukaacha kuniandikia. Sikuwahi kukuuliza kwa nini. Nilijua.

Sarufi ataisoma shuleni, na aisome haswa. Mimi nimemjibu habari za paka tu.

Nawe niandikie, mama, hata ovyo ovyo. Safari hii nitasoma.

Mama yako tu