Gari la Mzee Kaaya Halinyamazi

Jumatatu, 12 Januari
Nimetoka zamu saa moja na nusu. Chai, mkate, miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Pazia. Saa tatu kasoro niko kitandani. Saa tatu kamili limeanza.

Gari la jirani, Mzee Kaaya. Jeupe, dogo, la umeme. Mwanawe wa Dar kamletea mwezi wa kumi na moja. Watu wa mtaa walikuja kulishangaa: halitoi moshi, halina sauti, linaweza kukugonga mgongoni hujalisikia. Gari lenyewe kweli kimya. AC yake ndiyo shetani. Inaanza kwa mluzi, inakoroma, halafu inasaga kama mashine ya mahindi iliyomeza kokoto. Pua ya gari imeelekea dirisha langu. Hatua nne, katikati michongoma tu.

Na haliendi popote. Hilo ndilo linaloniua. Limechomekwa waya wa chaji kutoka barazani, vioo vyeusi vimefungwa, mzee yuko nyuma ya usukani, AC inasaga. Saa tatu mpaka saa saba. Kila siku ya Mungu.

Nimelala dakika arobaini.

Alhamisi, 15 Januari
Nimemwendea kwa adabu. Kanga mabegani, shikamoo mzee, mama anaendeleaje. Mkewe nasikia anaumwa, hatoki nje. Tangu nihamie hapa mwezi wa nane sijamwona. Mzee akasema yupo. Alishusha kioo vidole viwili tu, hewa ya baridi ikanipiga usoni.

Nikamweleza. Mimi muuguzi, wodi ya wazazi, zamu za usiku. Mchana ndio usiku wangu. AC yake ni mbovu. Namjua fundi wa kule Kisongo, Rashidi, anatengeneza za magari ya watalii. Nitamwita mwenyewe.

"Haina ubovu, mwanangu."

"Mzee, inasikika mpaka barabarani."

"Iache hivyo hivyo."

Kioo kikapanda. Sijawahi kufungiwa kioo usoni. Nimerudi ndani.

Ijumaa, 16 Januari
Saa tatu kamili. Sikulala.

Jumanne, 20 Januari
Alfajiri ya leo nilivuta kwenye bomba la sindano dawa isiyo ya mgonjwa wangu. Chupa mbili zinafanana vifuniko. Macho yalikuwa yameshajaa mchanga. Mwenzangu Upendo alinishika mkono nikiwa nimeshainama juu ya mgonjwa. "Haika, soma tena." Nikasoma tena. Nikaiweka sindano chini.

Mama wa watu yuko salama. Mtoto salama. Metroni kanipa barua ya onyo. Miaka kumi na tisa kazini, ya kwanza. Ameniambia ya pili itakwenda mbele, na huko mbele hakuna anayemjua Haika.

Nimefika nyumbani barua ikiwa kwenye mkoba. Gari linasaga. Nimesimama dirishani nikasema kwa sauti, utalipa. Hakusikia. Atasikiaje.

Jumatano, 21 Januari
Leo nimempita bila shikamoo. Alikuwa barazani, mimi natoka dukani. Macho mbele. Nilimsikia anakohoa kidogo, ile ya kunikumbusha. Nikaendelea. Mama yangu angekuwa hai angenichapa kiatu. Nimejisikia vizuri mpaka jioni.

Alhamisi, 22 Januari
Bila shikamoo. Siku ya pili.

Ijumaa, 23 Januari
Ya tatu. Hakohoi tena. Mama wa duka ameniuliza kama kuna tatizo kati yangu na mzee. Nimemwambia mwulize yeye. Kesho mtaa mzima utakuwa unajua. Ndicho ninachotaka.

Jumamosi, 24 Januari
Nimefikiria kitu usiku kucha kazini, katikati ya mama mmoja na mwingine. AC inavuta hewa ya nje. Basi hewa ya nje ni yangu.

Saa tatu na nusu nikaweka jiko la mkaa kwenye michongoma, upande unakotokea upepo. Nikasubiri mkaa uwe mwekundu. Nikamwaga konzi ya pilipili kichaa zilizokauka. Mwenyewe nilikimbilia ndani nimeziba pua kwa kanga.

Alikohoa. Alikohoa sana. Kisha kikaja kikohozi kingine, chembamba. Nikafikiri ana mapafu mabovu huyu. AC ikazimwa. Kimya! Nikalala nikicheka, ndugu yangu, kama mtoto aliyeiba sukari.

Jumatatu, 26 Januari
Saa tatu kamili. Inasaga kuliko mwanzo.

Huyu mtu ananifanyia makusudi. Sasa nina hakika. Nani anakaa kwenye gari lililosimama masaa manne na nyumba anayo? Anakaa kwa sababu mimi nipo upande huu.

Alhamisi, 29 Januari
Pilipili ni mambo ya kitoto. Nimeamua kwenda kwa njia ya watu wazima, inaumiza zaidi.

Nimezunguka na karatasi mlango kwa mlango. Majirani tisa wametia sahihi. Wawili hawasikii chochote kutoka kwao, wametia tu kwa sababu mzee aliwahi kuwanyima njia ya kupitisha ng'ombe. Sijali sababu zao. Nikaipeleka karatasi kwa mwenyekiti wa mtaa, Bwana Jumaa, dukani kwake, kati ya majora ya vitambaa. Nikaambatanisha barua ya onyo. Akaisoma mara mbili. Akasema, "Hii sasa si ya AC tena, sista. Hii ni roho za watu."

Ndiyo. Roho za watu. Nimelipenda neno hilo. Nitalitumia.

Jumatatu, 2 Februari
Kikao ofisi ya mtaa. Mzee Kaaya amekuja na koti na fimbo, peke yake, anapapasa ngazi kama mgeni. Maonyesho ya uzee, nikasema moyoni. Mimi nilivaa sare ya kazi. Makusudi.

Nikazungumza. Nikasema roho za watu. Wakatikisa vichwa.

Mwenyekiti akamwuliza, "Mzee wetu, kwa nini hutaki itengenezwe? Sista amejitolea hata kuleta fundi."

"Ni gari langu."

"Hilo tunajua. Tunauliza sababu."

Akageuza uso upande wangu. Nilitegemea matusi, nilikuwa nimeshaandaa ya kumrudishia. Hakusema kitu. Uamuzi: atengeneze kabla ya wiki kwisha, la sivyo asiiwashe kabisa. Alitia sahihi amekaribia kubandika karatasi puani. Kalamu ilikosa mstari mara mbili.

Nilifurahi ilivyokosa. Naandika hapa kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 6 Februari
Nimemleta Rashidi mwenyewe, nimepanda bodaboda ya mbele kumwonyesha njia. Akafungua boneti, akasikiliza, akacheka. Beringi ya kompresa imekwisha, na feni ya mbele imepasuka ubawa. Kazi ya masaa matatu. Mzee alisimama barazani muda wote, mikono nyuma, kama mtu anayetazama nyumba yake ikibomolewa. Nilikaa kwenye kiti changu upande wangu nikamtazama yeye.

Rashidi akawasha. Sikusikia kitu. Nikauliza imewaka? Akasema, "Weka mkono hapa." Nikapitisha mkono juu ya michongoma. Baridi safi inatoka, sauti hakuna.

Nimelala masaa sita bila kugeuka. Nimeshinda.

Jumatatu, 9 Februari
Nimelala. Jana nimelala. Ngozi imerudi, Upendo kaniambia naonekana binti.

Mzee hakai tena kwenye gari. Siku tatu liko pale tupu. Basi nilikuwa sahihi, alikuwa anakaa pale kunikera tu, na sasa kero imeisha hana la kufanya.

Nasikia sauti za kugombana ndani kwake mchana. Sauti ya mwanamke. Si kubwa. Haifiki kunitoa usingizini.

Jumatano, 11 Februari
Sijui nianzie wapi.

Saa tano asubuhi mtu anagonga dirisha langu kwa fimbo. Nikatoka na hasira zote, tayari. Mzee Kaaya, shati limefungwa vifungo vibaya, pekupeku.

"Sista, nisaidie macho. Mama ametoka. Getini hayupo."

Macho? Nikamtazama vizuri. Miezi yote hii, mimi muuguzi, sijamtazama. Mboni zote mbili nyeupe kama maziwa yaliyokatika. Haoni mbali ya mkono wake. Kwa hiyo gari haliendi popote kwa sababu dereva wake haoni.

Nilikimbia na kanga na kandambili. Nikamkuta kwenye barabara kubwa, ukingoni, magari ya mizigo yanampita karibu kabisa. Kibibi kidogo, mguu mmoja na kiatu, mwingine unavuja damu. Amekumbatia jiwe kifuani, jiwe zito hasa. Nikamshika. Nikasema shikamoo mama, unakwenda wapi?

"Limezima," akasema. "Nimeshuka kutafuta jiwe la kuzuia tairi. Mume wangu, Baba Eliya, yuko peke yake kule mlimani, litamrudia nyuma."

Hakutaka kuliacha jiwe. Nikambeba nusu, jiwe tukalibeba wote.

Nimemsafisha mguu barazani kwao, nikamshona nyuzi nne. Mzee akakaa kwenye ngazi akaniambia, si kwa kunilaumu, kama mtu anayehesabu kuni. Alikuwa dereva wa lori. Alishusha ndizi kutoka kule juu Meru mpaka sokoni miaka thelathini na mama kando yake, yeye ndiye aliyekuwa akiweka mawe kwenye tairi. Sasa mama amesahau nyumba, amesahau watoto, amesahau kwamba kula ni kula. Garini tu ndiko anakotulia. Gari hili lilipokuja alikataa kuingia. Alisema bovu, halijawaka. Mwezi wa kumi na mbili AC ikaharibika, ikaanza kunguruma. Mama akaingia, akafunga mlango, akaomba chakula.

"Tangu hapo tulikuwa tunasafiri," akasema. "Saa tatu mpaka saa saba. Anakula, anasinzia, ananiambia nipunguze mwendo."

"Kwa nini hukusema, mzee? Hata pale kikaoni?"

"Nimwanike mke wangu mbele ya watu, wamcheke?"

Nikakaza bandeji. Tangu Ijumaa mama amekunywa uji mara mbili tu.

Alhamisi, 12 Februari
Sikulala. Kimya kabisa, na sikulala.

Kile kikohozi chembamba kilikuwa cha nani, nakijua sasa. Kifua cha bibi wa miaka themanini, na mimi na kanga yangu puani. Sijamwambia mzee habari za pilipili. Sitamwambia. Nitakaa nayo.

Kitanda changu kingeweza kuhamia sebuleni tangu siku ya kwanza. Nilijua. Nilipima hata mlango kwa mkono. Sikuhamisha kwa sababu kuhama kungekuwa kushindwa.

Nimekihamisha leo. Halafu nikaenda Kisongo kwa Rashidi kumwomba arudishe ile beringi mbovu. Akaniangalia kama nimelewa. "Sista, miaka yote naletewa magari yanyamaze. Wewe wa kwanza kuniletea la kupigishwa kelele." Wanunuzi wa vyuma chakavu walipita Jumatatu. Havipo. Nikamwuliza kama anaweza kuharibu hii mpya. Akasema mfumo wa hili gari ukiuharibu kienyeji unaweza kuua betri, hagusi. Nikalia pale gereji, kati ya watu wenye grisi. Wakanipa kiti.

Na bado nina hasira na mzee. Sentensi moja tu. Dirishani, siku ile, vidole viwili vya kioo, sentensi moja ingetosha. Lakini na mimi mgonjwa wa jirani niliuliza habari zake kama salamu, sikuingia kumwona.

Jumapili, 15 Februari
Siku yangu ya mapumziko. Sikwenda kanisani. Nina leseni, gari sijawahi kuwa nalo. Nimemwomba mzee ufunguo. Alifikiri kidogo, akanipa.

Mama alikaa mbele, kando yangu, mguu umefungwa bandeji. Mzee nyuma. Kwenye lami mama alikuwa na wasiwasi, anashika kitasa, anasema halijawaka. Niliogopa. Nikashika barabara ya Moshi mpaka Kikatiti, nikakata kushoto kupanda, barabara ya vumbi na mawe. Nikazima AC, nikashusha vioo vyote. Kokoto zikaanza kupiga chini ya gari. Milango ikagonga. Upepo ukajaa masikioni.

Akaachia kitasa. Akachukua kiporo cha viazi alichoandaliwa, akala kipande, akala kingine. Mlima ulikuwa wazi mpaka juu.

Ni Jumapili tu nitaweza. Siku nyingine sijui watafanyaje. Nimempigia mwanae wa Dar nikamweleza, na habari za macho pia, kwamba yanatibika. Alikuwa hajui.

Tulipofika juu kwenye kona ya mwisho nikataka kumwuliza mzee tugeuze au tuendelee. Nikatazama kioo. Amelala. Kichwa nyuma, mdomo wazi, usingizi wa mtu aliyekesha miezi. Nikafungua kinywa hata hivyo, nimwite.

Mama akaweka kidole kwenye midomo yake, akanitazama kwa ukali.

Nikanyamaza. Nikaendesha.