Ukwangue Rangi Kwanza

Matinyani, 14 Januari 2024

Baba Kasyoki,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi ni mzima, uchovu tu. Kasyoki amepona kikohozi, sasa anatembea akishika ukuta wa jikoni, mikono yote masizi. Mama yako anasema umekonda kwenye picha.

Nimekuandikia kwa sababu kwa simu unanichekesha, nikishakata ndio nakumbuka nilitaka kusema nini.

Kanisani nilisimama nikasema mume wangu ndiye sasa anayejaza hewa mitungi ya wapiga mbizi huko Diani, na bila yeye hakuna anayeshuka baharini. Kalunde akauliza kama huko Diani hata hewa inauzwa. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini moyo ulikuwa umejaa.

Hicho chumba unachosema tuje tukae, nakitaka. Nimechoka kuchota maji mtoni na mtoto mgongoni. Lakini umesema kitanda chako kimeegemea ukuta, na nyuma ya ukuta imesimama ile mitungi minne mikubwa ya kuwekea hewa. Hiyo mitungi ilipimwa lini?

Ni mimi, Mama Kasyoki


Diani, 22 Januari 2024

Mama Kasyoki,

Huku niko salama, joto tu ndilo linanisumbua. Mbusu mtoto, hata na masizi yake.

Usiogope. Mitungi hii inang'aa kuliko gari la gavana. Kila Desemba tunaipaka rangi ya buluu. Kompresa inaijaza, halafu wageni wakija nafungulia tu, chupa zao za mgongoni zinajaa upesi. Ni chuma kinene, tangu nije haijawahi hata kupiga chafya. Meneja, Bwana Mwangangi, ni Mkamba mwenzetu wa Kikima, hawezi kutuweka pabaya. Chumba ameshakifagia. Funga mizigo.

Kile kijiko ulichonifungia pamoja na muthokoi wa kula safarini bado ndicho ninacholia chakula.

Ni mimi, Baba Kasyoki


Matinyani, 3 Februari 2024

Baba Kasyoki,

Hatujambo, nawe natumaini hujambo. Kasyoki ameota jino, hatujalala.

Mtungi wa hewa wa kaka yangu Muthama umepasuka, pale anapoziba pancha Makindu. Alikuwa amevuka barabara kunywa chai. Mtungi ulitoboa mabati ukaangukia mbaazi za jirani. Kama si chai ningekuwa nakuandikia habari za matanga.

Ulikuwa umeoza ndani. Hewa ya kompresa inaingia na maji, na yeye hakuwa akiyamwaga. Nje alikuwa ameupaka rangi nyekundu juzi tu, Krismasi. Fundi aliyeutazama alimwambia mitungi mikubwa kama yenu hugongwa tarehe shingoni kila inapopimwa, na hupimwa kila baada ya miaka michache. Na wa Muthama presha yake ilikuwa kama ya gurudumu la lori. Wewe mwenyewe uliniambia yenu ni zaidi ya mara ishirini ya hiyo, ukijisifu.

Basi usiniambie inang'aa. Kwangua rangi, usome tarehe. Kitanda kitoe hapo leo. Mpaka nipate jibu, mizigo yangu haifungwi, hata kama nakulilia kila siku.

Ni mimi, Mama Kasyoki


Matinyani, 2 Machi 2024

Baba Kasyoki,

Salamu. Simu yako imezimwa. Mama yako ameacha kuuliza, na hilo ndilo linaniogopesha. Kama ni maneno yangu yamekuudhi, niambie umeudhika. Siyaondoi.

Mama Kasyoki


Diani, 19 Machi 2024

Mama Kasyoki,

Niko mzima. Nisamehe kimya. Nilifukuzwa kazi, nikaona aibu kuwasha simu.

Nilikwangua kwa kile kijiko. Mitungi mitatu imegongwa 2008. Wa nne sikuona tarehe yoyote. Nikafunga kila kitu nikamwita Mwangangi. Akasema, "Umekuwa inspekta tangu lini?" Nikamwambia, "Tangu mke wangu aniulize swali nikakosa jibu." Akaniambia nijaze, wageni wako kwenye mashua. Nikasema sijazi, na yeye pia asisimame hapo. Akanifukuza mbele yao.

Kumbe mgeni mmoja alishuka mashuani, akaifuata ile sehemu niliyokwangua, akasoma, akavua viatu vya mbizi, akaketi chini. Wenzake wakamwiga. Mwenye duka la mbizi akaitwa. Mitungi ikamwagwa hewa, ikapelekwa Mombasa kupimwa. Ule usio na tarehe walipoufungua ulimwaga maji mekundu kama chai ya rangi, na kutu inabanduka kwa ndani kama maganda. Wameukata vipande. Sijauliza kama ndio uliokuwa nyuma ya kichwa changu nikilala. Najua.

Nimerudishwa kazini. Mitungi imejengewa kizimba cha zege, mbali na watu, na maji namwaga mimi kila asubuhi. Kile chumba hakilali mtu tena. Nimepanga kingine Ukunda. Mwangangi bado ananiita inspekta, na siku hizi naitika.

Baba Kasyoki


Matinyani, 27 Machi 2024

Baba Kasyoki,

Wote wazima, na mama yako ameanza tena kulalamika, kwa hivyo amepona.

Barua yako nimemsomea jikoni. Pale uliposema hujazi, alisimamisha mwiko. Akaniambia, "Rudia hapo." Nimerudia mpaka sufuria ikaungua. Jumapili nitasimama tena kanisani, na Kalunde acheke anavyotaka.

Mizigo nimefunga. Tunakuja baada ya Pasaka. Kitanda kiweke popote, nitakisogeza mwenyewe nikifika.

Kijiko usikitupe. Najua kimelika mdomo na kina rangi ya buluu. Ndicho nitakachomlishia Kasyoki uji, na akianza kuuliza maswali, nitamwambia kilivyolika.

Mkeo, Mama Kasyoki